Jirani Yupo, Jirani Hayupo: Kusaka Hitilafu za Majirani Katika Mtandao wa Redio Usio na Mnara

Katika mtandao wa redio usio na mnara wala kituo cha kati, kila nodi, yaani kila kifaa chenye redio, hujitafutia majirani yenyewe. Inapiga hodi hewani kila baada ya muda, inasikiliza nani mwingine anapiga, na inaandika majina kwenye jedwali lake. Ujumbe huo itifaki za OLSR, AODV na NHDP, yaani kanuni ambazo nodi hufuata kusemezana, zinauita HELLO. Mimi nitauita hodi, maana ndicho kitu chenyewe. Na kama ilivyo mlangoni kwa mtu, hodi haijatimia mpaka uitikiwe karibu: nodi A haimhesabu B kuwa jirani kamili mpaka ione jina lake yenyewe limo ndani ya hodi ya B. Hata ule ustaarabu wa kubisha mara tatu kisha ukaenda zako umo. OLSR ya mwaka 2003, ile ya RFC 3626 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), hubisha kila sekunde 2 na kumfuta jirani aliyenyamaza kwa sekunde 6.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, shika hili: jedwali la majirani halikuambii nani yupo. Linakuambia nani alisikika. Nusu ya hitilafu zilizo hapa chini si hitilafu za redio hata kidogo; ni mtu amesoma kumbukumbu akadhani anatazama dirishani.

Mifano yangu ni ya Linux. Tazama mahali patatu, tena kwenye nodi zote mbili zinazolalamikiana, kwa sababu anayeangalia moja tu anasikiliza kesi ya upande mmoja. Redio yenyewe:

iw dev wlan0 station dump

Hodi zinazopita hewani:

tcpdump -ni wlan0 udp port 698

Namba 698 ni bandari ya OLSR ya kwanza. NHDP na OLSRv2 (toleo la pili) hutumia 269, itifaki nyingine iitwayo Babel 6696, AODV 654. Mwisho, jedwali: kwenye olsrd, programu ya OLSR, yenye programu-jalizi ya txtinfo ni `echo /links | nc 127.0.0.1 2006`, na kwenye batman-adv, mfumo mwingine wa mitandao ya namna hii, ni `batctl n`. Hiyo batman-adv hufanya kazi chini ya IP, kwa hiyo usishangae tcpdump ya bandari za UDP ikinyamaza. Tumia `batctl td wlan0`.

Jedwali tupu kabisa

Hili ndilo rahisi kuliko yote, ingawa ndilo linalotisha watu zaidi. Kama tcpdump haionyeshi hodi yoyote ya mwenzako, tatizo liko kwenye redio. Ukitumia hali ya IBSS, ile ya redio kuongea zenyewe bila kituo, nodi mbili zinaweza kuwa na jina moja la mtandao na chaneli moja, lakini kila moja imejiundia seli yake, yaani kikundi chake, yenye BSSID (namba ya utambulisho) tofauti. Kanuni inasema seli hizo ziungane zenyewe kwa kulinganisha saa za redio. Viendeshi vingine havisikii kanuni. Linganisha BSSID kwa `iw dev wlan0 link` pande zote, na zikitofautiana usipoteze jioni nzima ukisubiri ziungane. Ifunge kwa mkono:

iw dev wlan0 ibss join jirani 2412 fixed-freq 02:ca:fe:12:34:56 mcast-rate 6

Hiyo `mcast-rate` mwishoni tutaizungumza muda si mrefu.

Kama tcpdump inaonyesha hodi za mwenzako zikiingia na jedwali bado ni tupu, angalia faiwali. tcpdump husoma pakiti kabla faiwali haijazigusa, kwa hiyo utaiona pakiti ambayo programu yako haitaiona kamwe. Halafu hakikisha jina la intafesi ndani ya faili la mipangilio ni lile lile la kwenye mashine. Kosa la wlan0 na wlan1 limekula masaa mengi ya watu wenye akili timamu.

Anasikika upande mmoja tu

OLSR huandika ASYM kando ya jirani wa namna hii: namsikia, ila sina ushahidi kwamba ananisikia. Kwa sekunde chache za mwanzo hiyo ni kawaida. Ikidumu dakika nzima, kuna sababu, na mara nyingi ni faiwali ya upande ule mwingine.

Faiwali ikiwa safi, tazama nguvu. `iw dev wlan0 info` inaonyesha txpower ya kila nodi. Ruta ya paani inaweza kuwa inatoa nguvu mara nyingi kuliko kifaa cha mkononi. Hapa watu hukimbilia amplifaya, na ndipo wanapoharibu. Antena nzuri husaidia kusema na kusikia kwa pamoja, lakini amplifaya ya kutuma huongeza sauti peke yake. Ukiiweka upande mmoja umejipa kipaza sauti bila kujiongezea masikio, na idadi ya majirani wa upande mmoja itapanda. Sababu ya tatu ni kelele ya mahali: nodi iliyokaa karibu na ruta nyingine tatu za chaneli ile ile husikika vizuri na wenzake, ila yenyewe ni kama mtu anayejaribu kusikiliza simu sokoni. Kuhama chaneli kunatosha.

Watumiaji wa AODV wajue tofauti moja. Hodi ya AODV haibebi orodha ya majirani, kwa hiyo haithibitishi kuwa unasikika. Njia inaweza kujengwa juu ya kiungo cha upande mmoja, kisha jibu likakwama likirudi. RFC 3561 imeweka orodha ya muda ya nodi za kuepuka kwa ajili ya hali hiyo. Kama programu yako haikuitekeleza, dalili utakayoona ni ombi la njia linalorudiwa bila kufika popote.

Yumo kwenye jedwali, data haipiti

Hapa ndipo pa kukaa. Jirani amethibitishwa pande mbili, hodi zake zinafika bila kukosa, ila ukituma faili linakwama. Ping ya kawaida inapita, na ndiyo maana unajilaumu.

Henrik Lundgren na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, waliliandikia jambo hili mwaka 2002 na kuziita sehemu hizi kanda za kijivu. Chanzo chake ni kwamba hodi na data hazisafiri kwa namna moja. Hodi ni tangazo kwa wote, na Wi-Fi hutuma matangazo kwa kasi ya chini kabisa ya msingi, kwa kawaida 1 Mb/s kwenye bendi ya 2.4 GHz na 6 Mb/s kwenye 5 GHz. Kasi ndogo hufika mbali. Data ya mtu kwa mtu hupanda kasi kubwa, ambayo hufika karibu tu. Juu ya hapo hodi ni fupi, na pakiti fupi ina nafasi ndogo ya kugongwa na kelele kuliko pakiti ya baiti 1,400. Jirani wa kanda ya kijivu ni kama mtu wa ng'ambo ya mto: mnasalimiana vizuri kabisa, ila mzigo haumfikii.

Thibitisha kwa ping mbili:

ping -c 100 -s 56 10.0.0.7
ping -c 100 -s 1400 10.0.0.7

Kama ya kwanza inapoteza pakiti mbili na ya pili arobaini, umeshaipata. Kisha fungua `station dump` na utazame `tx retries` na `tx failed` kwa jirani huyo. Zikipanda kwa kasi wakati hodi zinaendelea kuingia kwa raha, huna haja ya ushahidi mwingine.

Tiba ninayoanza nayo ni kupandisha kasi ya matangazo, ndiyo ile `mcast-rate 6` ya hapo juu. Hodi itafupisha mkono wake ulingane na wa data. Jedwali litapungua, na kuna mtu atakulalamikia kwamba mtandao ulikuwa na majirani kumi na mbili sasa una saba. Wale watano hawakuwa majirani.

Dawa ya pili ni kuacha kuuliza "yupo au hayupo" na kuanza kuuliza "anasikika kwa kiasi gani". Kipimo cha ETX, kilichotoka MIT mwaka 2003, hugawanya moja kwa zao la uwiano wa hodi zilizofika kwenda na kurudi. Zikifika 9 kati ya 10 kwenda na 8 kati ya 10 kurudi, ETX ni 1.39, yaani pakiti moja inahitaji kutumwa takriban mara 1.4 ili ifike. Babel hutumia kipimo cha jamii hiyo kwenye viungo vya redio, na olsrd pia ukiweka `LinkQualityLevel 2`. Usisahau tu kwamba ETX inayopimwa kwa hodi fupi za kasi ndogo ina upofu ule ule wa kijivu, ila umepungua. BATMAN V, itifaki mpya zaidi ya batman-adv, imeliona hili: hodi zake za ELP hutoka kila nusu sekunde, na kiungo cha Wi-Fi kikiwa kimetulia bila data hutuma pia pakiti za majaribio kwa jirani mmoja mmoja, ili redio ipime kasi halisi.

Anaingia na kutoka kila nusu dakika

Kwanza ondoa mashaka ya kadi zilizonakiliwa. Mtu ametengeneza nodi moja vizuri, akanakili kadi ya kumbukumbu mara sita, na nodi mbili zimebaki na anwani moja ya IP. Jirani huyo ataonekana kurukaruka, leo yuko mashariki, sekunde inayofuata magharibi. `tcpdump -e` itakuonyesha IP moja ikitoka kwenye anwani mbili za MAC.

Kama si hivyo, piga hesabu ya uvumilivu. OLSR ya RFC 3626 ina kipimo cha kuzuia haraka ya kukubali na kukataa: kila hodi iliyofika huvuta ubora nusu ya njia kuelekea 1, kila iliyokosekana huukata nusu. Kiungo kinakubaliwa ubora ukizidi 0.8 na kinakataliwa ukishuka chini ya 0.3. Anza na hodi ya kwanza: 0.5. Ya pili: 0.75. Ya tatu: 0.875, imezidi 0.8, karibu ndani. Sasa jirani aliyekomaa kwenye 1 akikosa hodi mbili mfululizo: 0.5, kisha 0.25. Nje.

Yaani hodi mbili tu zinamtoa. Kwenye kiungo kinachopoteza asilimia 30 ya matangazo, mikosi miwili mfululizo hutokea kwa wastani kila baada ya hodi 14 hivi, ambayo ni kama sekunde 29. Ndiyo hiyo nusu dakika yako. Ungeacha kipimo hicho na kutegemea muda wa sekunde 6 peke yake, mikosi mitatu mfululizo ingekuja takriban kila sekunde 100. Na asilimia 30 si kiungo kibovu kwa matangazo: tangazo la Wi-Fi halina uthibitisho wa kupokelewa wala halirudiwi, ilhali data hurudiwa mara kadhaa na kiungo kile kile kikaibeba bila shida.

Kwenye olsrd nakizima kipimo hicho kwa `UseHysteresis no` na kuuachia ETX uamuzi. NHDP ya mwaka 2011 nayo kwa chaguo-msingi haiwashi kizuizi hiki. Ukitaka kukibakiza, shusha kizingiti cha kukataa, kisha usome sehemu inayofuata kabla hujafurahi.

Ameondoka lakini bado yumo

Mzimu. Pakiti zinatumwa kwa jirani aliyekwishapita kona, na zinapotea kimya kimya mpaka muda wake uishe.

Chukua pikipiki mbili zenye redio, kila moja inakwenda 50 km/h, zinapishana barabarani. Kwa pamoja ni mita 27.8 kwa sekunde. Redio zikisikika umbali wa mita 150, muda wote wa kuonana ni sekunde kama 11. Kwa hodi ya kila sekunde 2, kubisha na kuitikiwa kunaweza kula sekunde 4. Ukiwasha kile kizuizi cha hodi tatu, sekunde 6 au zaidi. Zimebaki chache za kutuma chochote. Halafu wakiachana, jedwali linaendelea kumtaja kwa sekunde 6, wakati ameshajiongezea zaidi ya mita 160. Nodi za mbali ndizo zenye hali mbaya zaidi, maana habari za ramani ya mtandao katika OLSR hudumu sekunde 15.

Shusha hodi hadi nusu sekunde na uvumilivu hadi sekunde 1.5: kujuana kunachukua sekunde 1 kwa upeo, na mzimu unadumu kama mita 42. Lakini hapa kuna mtego ambao sijaona mwongozo mwingi ukiutaja waziwazi. Katika OLSR na NHDP, muda wa kukumbukwa husafiri ndani ya hodi yenyewe. Ukibadilisha `HelloValidityTime` kwenye nodi yako, umebadilisha muda ambao wenzako watakukumbuka wewe. Muda wa wewe kuwakumbuka wao umebaki ule ule. Ndiyo maana mtu anabadilisha kwenye nodi yake, anatazama jedwali lake, anaona mizimu ile ile, anaapa kwamba programu ni mbovu. Badilisha kwenye nodi zinazotembea.

Njia ya haraka zaidi haihitaji hodi kabisa. Data inapotumwa kwa jirani na redio ikakosa uthibitisho baada ya kurudia mara zote inazoruhusiwa, imejua ndani ya milisekunde jambo ambalo jedwali litalijua baada ya sekunde. RFC 3626 inaruhusu taarifa hiyo ya redio itumike. Ila usimfukuze jirani kwa kosa moja, kwani mgongano wa pakiti nao hufanana na kifo. Ngoja makosa matatu manne yafuatane.

Majirani wengi, mtandao umezimia

Sasa upande wa pili wa dawa hiyo. Mtu amesoma kuhusu mizimu, ameshusha hodi hadi nusu sekunde kila mahali, na mkutano wenye vifaa 100 kwenye ukumbi mmoja umekwama.

Hodi ya OLSR kwa IPv4 ina baiti 24 za vichwa na baiti 4 kwa kila jirani anayetajwa, ikiwa wote ni wa aina moja. Jumlisha 28 za IP na UDP na 36 za fremu ya Wi-Fi. Nodi 50 zinazosikiana zote: kila hodi ni baiti kama 288, na kwa 1 Mb/s inakaa hewani milisekunde 2.5. Hodi 25 kwa sekunde zinakula asilimia 6 ya muda wa hewani, jambo linalovumilika. Nodi 100: hodi imekuwa baiti 488, zimekuwa 50 kwa sekunde, zinakula asilimia 20. Nodi zimeongezeka maradufu, gharama karibu mara nne, kwa sababu wabishaji wameongezeka na kila mmoja anataja majina mengi zaidi. Shusha sasa hodi hadi nusu sekunde: asilimia 80, na hapo sijahesabu migongano.

Wengi hujibu kwamba OLSR ina wasambazaji teule, MPR, kwa ajili ya msongamano. Wanapunguza kurushwa upya kwa ramani ya mtandao, ni kweli. Hodi hawazigusi, kila nodi bado inabisha yenyewe.

Kinachosaidia kweli ni kasi ya matangazo tena. Hesabu ile ile ya nodi 100 kwa sekunde 2, ikitumwa kwa 6 Mb/s, inashuka hadi asilimia 3 na ushei. Cha pili ni kutotaja majirani wote kila mara: NHDP inaruhusu hodi fupi, mradi kila jirani atajwe angalau mara moja ndani ya muda wa kuhuisha. Cha tatu ni kuacha nodi zilizokaa zibishe polepole na zinazotembea zibishe haraka. Kwa kupima mwendo mimi sihangaiki na GPS. Nahesabu majirani wangapi wameingia na kutoka kwenye jedwali ndani ya dakika iliyopita. Nodi ya juu ya paa iliyozungukwa na pikipiki nayo inastahili kubisha haraka, na GPS ingeniambia imesimama. NHDP pia huruhusu hodi ya dharura jirani anapobadilika, ila isitoke kabla ya robo ya muda wa kawaida kupita tangu iliyotangulia. Usiiondoe breki hiyo.

Wote wamepotea kwa mpigo

Jirani mmoja akipotea, mtafute yeye. Wote wakipotea sekunde moja, jitafute mwenyewe.

Umeme ukikatika na kurudi mtaani, ruta zote huwaka pamoja na kuanza kubisha pamoja. Zisipoyumbisha muda wa hodi kwa bahati nasibu, zitagongana kila sekunde 2 kwa utiifu mkubwa. OLSR hutaka mtikisiko wa hadi robo ya muda wa hodi, na RFC 5148 ya mwaka 2008 inaeleza namna. Ukiwa umeandika programu yako mwenyewe, hapa ndipo pa kuangalia kwanza.

Kuokoa umeme kwa redio huleta dalili nyingine: hodi zinafika kwa mafungu, tatu kwa pamoja kisha kimya. Zima kwa `iw dev wlan0 set power_save off`.

Iliyobaki ni saa. Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa inayodumu umeme ukikatika, kwa hiyo huamka na tarehe ya zamani. Hodi za kawaida hazijali, kwa sababu zinabeba muda wa kudumu na si tarehe. Hodi zilizotiwa saini kwa muhuri wa wakati zinajali sana, nazo zitakataliwa na kila jirani mpaka saa irekebishwe. Na kama saa inarekebishwa kupitia mtandao huo huo, haitarekebishwa. Weka moduli ndogo ya saa yenye betri. Hakikisha pia programu inahesabu umri wa jirani kwa saa isiyorudi nyuma wala kuruka, ile CLOCK_MONOTONIC ya Linux. Ikitumia saa ya tarehe, siku NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, itakaporusha saa miezi miwili mbele, kila jirani atakuwa amenyamaza miezi miwili.